Wale "walowezi" wa Plymouth hulala kule kijijini?
Hapana, hawalali pale. Ni wafanyakazi wa makumbusho ya Plimoth Patuxet, Massachusetts, Marekani, wanaoigiza walowezi wa Kiingereza wa karne ya 17 katika kijiji cha maonyesho. Jioni wanavua zile nguo nzito za sufu, wanawasha gari, wanarudi kwao. Ila mchana si maigizo matupu: moto wa kuni ni moto kweli, moshi unawaingia machoni, mahindi wanayalima wenyewe, na nyumba ni za mbao, paa la nyasi, sakafu ya udongo.

Makumbusho yenyewe huwaeleza wageni kwamba kila mmoja amechukua jina la mtu aliyeishi Plymouth kweli, na kwa miaka mingi kijiji kimeonyeshwa kama kilivyokuwa mwaka 1627, yaani miaka 7 tu baada ya Mayflower, meli iliyowaleta walowezi hao, kufika. Ukimuuliza mmoja wao kuhusu simu atakukodolea macho tu, ndiyo kazi anayolipwa.

Angalizo: upande wa Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo, hakuna kuigiza. Wengi wao ni wazawa wa asili wenyewe, mavazi ni ya jadi lakini wanazungumza kama watu wa leo, kwa hiyo waulize hata mambo ya sasa. Binafsi naona majibu ya huko ndiyo yenye uzito zaidi.