Muulize Fundi: Maiki Isiyo na Waya, Usinunue Mita

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni mpwa wako wa huku Lindi, Mtanda, napiga video za harusi na sendofu, na siku hizi nimeanza kurekodi wazee wakisimulia mambo ya zamani, ngoma, jando, minada ya korosho ilivyokuwa. Natumia maiki ya juu ya kamera, sauti inatoka kama mtu anaongea yuko kisimani. Nimejichanga nataka isiyo na waya ya watu wawili. Dukani nimeonyeshwa tatu, DJI Mic Mini wanasema inafika mita 400, DJI Mic 2 mita 250, na Rode Wireless GO II mita 200. Muuzaji anasema nichukue ya 400, tena bei yake ndo ya chini. Nichukue? Naomba usinijibu kifupi.

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Sijibu kifupi, hili jambo limeshaniumiza.

Nilikuwa Mikindani pale ufukweni namrekodi mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi. Maiki nimembana kifuani, risiva, kile kidude kinachopokea sauti na kuipeleka kwenye kamera, nimeitundika kwenye mguu wa tripodi huku chini, kutoka kwangu mpaka kwake hatua kumi tu, hazizidi. Akiniangalia sauti safi kabisa. Akigeuka kunionyesha baharini majahazi yalipokuwa yanatia nanga, inakatika, kat kat kat, akirudi kuniangalia inarudi. Hatua kumi, na boksi limeandikwa mita 200!

Kumbe mwili wake ndo ulikuwa unakata. Hizi maiki ndogo karibu zote zinatumia gigahezi 2.4, na mawimbi hayo yananyonywa na maji, na binadamu sehemu kubwa ni maji. Mzee akigeuka kifua kinakuwa kule, mgongo unakuwa huku, basi ndo ukuta huo. Zile mita za kwenye boksi ni uwanja mtupu, maiki na risiva zinatazamana, hakuna mtu katikati na hakuna waifai jirani. Sasa wewe niambie harusi gani ya Lindi iko hivyo, ukumbi umejaa, simu mia mbili mifukoni na waifai nayo iko kwenye gigahezi 2.4 hizohizo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba maiki yangu ile haikuwa na memori ndani. Kilichokatika kimekatika. Wiki iliyofuata nikamfuata tena mzee, akasimulia upya kwa moyo mmoja, lakini alifupisha, majina ya upepo aliyoyataja siku ya kwanza hakuyarudia yote na mimi sikuyakumbuka nimuulize.

Kwa hiyo mpwa wangu, ukienda dukani usiulize inafika wapi, uliza inajirekodi yenyewe? Yani kile kidude anachovaa mtu kina memori ndani yake, ili hata mawimbi yakikatika sauti nzima imebaki kifuani kwa mtu, ukifika nyumbani unaichomeka kwenye kompyuta unaitoa na kuipanga na video. Hiyo ya mita 400, DJI Mic Mini, haijirekodi. Wireless GO II inajirekodi zaidi ya saa 40, ila hakikisha umeiwasha kwenye programu yao kwanza, usije ukadhani inarekodi kumbe bado. DJI Mic 2 inajirekodi pia, na kwenye memori yake ina rekodi ya biti 32 floti, maana yake bibi harusi akipiga kelele ghafla au mzee akinong'ona, unaweza kushusha na kupandisha baadae bila sauti kupasuka. Kwa kazi yako ya wazee mimi ningechukua DJI Mic 2. Kama pesa haifiki subiri, usichukue ya 400 kwa sababu tu muuzaji ana haraka, azima maiki ya waya uendelee na wazee wako, wao ndo hawasubiri.

Na risiva weka juu ya kamera, palepale kwenye kitako cha flashi, isikae mfukoni wala chini kama mimi. Mtu akitembea mbali bana maiki upande anaokuelekea wewe.

Halafu upepo. Wewe uko Lindi, kusi likishaanza kuvuma pale ufukweni hakuna maiki isiyolia vuuu. Yale manyoya madogo yanayokuja kwenye boksi usiyaone kama mapambo, yavalishe kila ukitoka nje, na ununue ya akiba maana yanachomoka yanapotea mchangani, mimi nimeshapoteza manne. Ukiediti hutaweza kuutoa upepo bila kula na sauti ya mtu.

Nguo nayo. Kanga mpya yenye wanga inachakarisha sana, kila mama akipumua unasikia kwacha kwacha. Mwambie kwa adabu akunje ncha ya kanga mara mbili ubane maiki pale kwenye mkunjo, ishike imara isigusane na kitambaa kingine, iwe shibiri moja chini ya kidevu. Mama akiwa amevaa buibui mpe abane mwenyewe au mwite dada yake ambanie, usipeleke mkono.

Mwisho vaa hedifoni. Nenda na mtu mmoja ukumbini kabla watu hawajafika, mwambie azunguke, ageuke, akupe mgongo, usikilize.

SWALI: Kaka, mimi wa Masasi. Nimechomeka risiva kwenye simu kwa waya uliokuja nao, simu inarekodi kwa maiki yake yenyewe. Risiva mbovu?

JIBU: Angalia ile pini. Ikiwa na mistari miwili myeusi ni ya kamera, ya simu ina mitatu, tafuta waya wa mitatu. Kama simu yako haina tundu la hedifoni tumia waya wa Type-C moja kwa moja (iPhone kuanzia 15 zina Type-C, za kabla ya hapo ni Lightning). Baadhi ya Android lazima uwashe OTG (ruhusa ya simu kutumia kifaa cha nje) kwenye settingi kwanza.

SWALI: Fundi, niko Newala, kuna jamaa ananiuzia maiki za UHF zimetumika Ulaya, anasema hizo ndo za kitaalamu kuliko hizi ndogo. Kweli?

JIBU: Ni kweli UHF, yani maiki za mawimbi ya megahezi mia kadhaa, chini ya gigahezi 2.4, inapita mwilini vizuri zaidi, wimbi lake ni refu, kama nusu mita, la gigahezi 2.4 ni kama sentimita 12 tu. Ila soma megahezi zilizoandikwa nyuma. Kuanzia 694 kwenda juu, kanda yetu ya Afrika na Ulaya ilishapangiwa intaneti ya simu tangu mkutano wa dunia wa masafa ya redio wa mwaka 2015, kwa hiyo nyingi zinazouzwa rahisi ni hizo ambazo wenzetu wameshazitupa. Chini ya hapo kuna TV za dijitali, inabidi utafute nafasi iliyo wazi, na masafa yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waulize kabla hujatoa hela. Jamaa akikataa kukuonyesha hizo namba, mwachie maiki zake.