Boeing 747 ya Nairobi, 1974: flapu zilishuka, mbona ilianguka?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko mwaka wa kwanza wa ufundi wa ndege. Mwalimu wetu alitaja ajali ya Boeing 747 ya Lufthansa iliyotokea Nairobi mwaka 1974, akasema ilianguka kwa sababu flapu hazikushuka. Kwingine nimesoma kwamba flapu zilikuwa nyuzi 10, kama zilivyotakiwa. Nani mkweli? Na je, ni kweli kwamba 1974 ndio mwaka mbaya kuliko yote katika usafiri wa anga?

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako ni mkweli na ulichosoma nacho ni kweli. Hakuna aliyekuambia ni flapu zipi, maana flapu, yaani vipande vya bawa vinavyotokezwa na kurudishwa ndani, ziko za mbele na za nyuma.

Bawa la ndege kubwa limechongwa kwa ajili ya mwendo wa kasi kule juu. Kwenye mwendo mdogo wa kuruka na kutua halitoshi, kwa hiyo hurefushwa na kupindwa mbele na nyuma. Flapu za nyuma huliongezea uwezo wa kubeba. Za mbele huisaidia hewa kufuata mgongo wa bawa bila kubanduka hata pua inapoinuliwa. Ukishusha za nyuma ukaacha za mbele ndani, bawa linabeba zaidi, lakini linaishiwa nguvu mapema pua inapopanda. Hewa ikibanduka namna hiyo tunaita stoli.

Sasa ingia ndani ya mfumo. Rubani wa 747 anavuta mkono mmoja wa flapu, lakini nyuma ya mkono ule kuna mifumo miwili. Flapu za nyuma husukumwa na haidroliki. Za mbele huendeshwa na mota za hewa, na hewa yenyewe huchotwa kwenye injini ikiwa moto na yenye shinikizo. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974 mfumo huo wa hewa haukuwa umefunguliwa. Mkono ulipovutwa, flapu za nyuma zikashuka vizuri, za mbele zikabaki zimelala ndani ya bawa.

Ndege ile ilikuwa imetoka Frankfurt na ilikuwa njiani kwenda Johannesburg, ikiwa na watu 157. Uwanja wa Nairobi, ambao wakati huo watu wakiuita Embakasi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi. Hata hivyo ndege iliacha ardhi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hushangaa. Ukiwa karibu na ardhi, ukinzani hupungua na bawa hubeba vizuri kuliko likiwa juu kidogo tu. Ndege inaweza kunyanyuka kwa msaada huo, kisha ikipanda inaukosa. Marubani walihisi mtikisiko. Walidhani ni magurudumu yasiyo na uwiano, wakayakunja. Kumbe ulikuwa mtikisiko wa hewa inayobanduka. Kasi haikuongezeka, kimo hakikuongezeka, na kama mita 1,100 kutoka mwisho wa njia ya kurukia ndege ilirudi chini, ikagonga tuta la barabara, ikakatika na kuwaka moto. Watu 59 walikufa, 98 wakapona. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu, karibu miaka mitano tangu aina hiyo ianze kubeba abiria Januari 1970.

Uchunguzi ulifanywa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, na kama mkufunzi wako anayo nakala ya ripoti, iazime. Ni kazi safi. Inasema wazi kwamba ndege iliruka flapu za mbele zikiwa ndani kwa sababu mfumo wa hewa haukuwa umewashwa, na kwamba ikawa angani ikiwa tayari imeanza kustoli, marubani wasiwe na muda wa kutambua wanapambana na nini. Kisha inataja mambo mawili yaliyochangia: orodha ya ukaguzi haikukamilishwa ipasavyo, na ndege yenyewe haikuwa na onyo la kutosha kuhusu hali ya flapu za mbele. Simulizi za mitaani hubakiza lile la kwanza na kulisahau la pili. Mhandisi aliyekuwa kwenye chumba cha marubani alishtakiwa Ujerumani, akaachiliwa huru mwaka 1981. Binafsi naona mahakama ilitenda haki. Mtu anayesahau swichi yuko katika kila karakana na kila chumba cha marubani, nami nikiwemo. Ndege inayokubali kusahauliwa bila kupiga kelele ndiyo inayohitaji kurekebishwa.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya Nairobi, 747 mbili nyingine ziliwahi kuondoka katika hali hiyo hiyo, marubani wakaziokoa. Mfumo wa kuwaonya marubani Boeing iliuongeza baada ya ya tatu.

Hapo sasa naingia kwenye swali lako la pili. Kwa idadi ya vifo, hesabu nyingi huweka 1972 juu ya 1974. Ila kwa fundi anayejifunza, sijui mwaka mwingine wenye mafunzo mazito kama 1974, kwa sababu ajali zake kubwa zilikuwa zimeshabisha hodi kabla.

Chukua ile ya Paris. Tarehe 3 Machi 1974, DC-10 ya Turkish Airlines ilitoka Istanbul, ikapitia uwanja wa Orly, Paris, kuelekea London. Dakika chache baada ya kuondoka Orly, mlango wa mizigo wa nyuma ulifunguka na kung'oka ndege ikiwa kwenye futi 12,000 hivi. Watu wote 346 walikufa katika msitu wa Ermenonville. Mpaka ajali ya Tenerife, Uhispania, mwaka 1977, dunia haikuwa imeona ajali ya ndege iliyoua wengi kama hiyo.

Wengi huuliza mlango wa mizigo uliwezaje kuinyima ndege usukani. Fikiria sakafu. Juu yake kuna abiria na hewa iliyoshindiliwa, chini yake kuna mizigo na hewa ya shinikizo lile lile. Mlango ukiondoka, hewa ya chini inatoka mara moja, ya juu inabaki. Ghafla kila mita moja ya mraba ya sakafu inabeba zaidi ya tani 2 ambazo haikuumbiwa. Sakafu ikabomoka kuelekea chini, na chini ya sakafu ndimo zilimopita nyaya za kuongozea mkia. Abiria 6 walitoka nje wakiwa na viti vyao. Sekunde 70 na kitu baadaye kila kitu kilikuwa kimekwisha.

Mlango ule ulikuwa wa kufungukia nje, kwa hiyo shinikizo la ndani lilikuwa linausukuma uondoke, na kilichouzuia ni ndoano zake tu. Mpakiaji akishusha mkono wa nje, pini zilitakiwa kuingia nyuma ya ndoano na kuzifunga. Ndoano zisiposhika sawasawa, mkono ulitakiwa ukatae. Lakini vyuma vilivyounganisha mkono na pini vilikuwa vyepesi, vikapinda, mkono ukalala kana kwamba kazi imekwisha. Nakuambia hili nikiwa na aibu yangu: ujana wangu karakanani niliwahi kufunga kifuniko cha injini, mkono ukalala vizuri kabisa, nikaondoka. Mwenzangu alikuja na tochi akanionyesha ndoano moja inaning'inia. Tangu siku hiyo mkono uliolala hauniambii chochote mpaka nimeiona ndoano kwa macho.

DC-10 ilikuwa na kidirisha cha kuchungulia pini hizo. Maelekezo ya mlangoni yaliandikwa kwa Kiingereza na Kituruki, na mpakiaji aliyefunga mlango pale Orly alikuwa Mualgeria asiyesoma lugha hizo mbili. Kuchungulia kidirisha haikuwa kazi aliyopewa.

Hodi ilikuwa imebishwa tarehe 12 Juni 1972, juu ya Windsor, Kanada. DC-10 ya American Airlines ilipoteza mlango huo huo. Sakafu ilibonyea, lakini abiria walikuwa wachache, na rubani Bryce McCormick aliishusha kwa kucheza na nguvu za injini. Hakuna aliyekufa. Siku chache baadaye mhandisi Dan Applegate wa Convair, kampuni iliyounda sehemu ya mwili wa ndege hiyo, aliandika kwa wakubwa wake kwamba mlango utafunguka tena. Serikali ya Marekani, badala ya kutoa amri ya lazima, iliridhika na makubaliano ya maneno na mtengenezaji. Likatolewa agizo la kuongeza bamba la kuimarisha vyuma vile. Kwenye kumbukumbu za ndege iliyoanguka Ermenonville imeandikwa kwamba bamba limefungwa, na mihuri ipo. Bamba lenyewe halikuwepo. Wewe utakayekuja kugonga muhuri wako kwenye karatasi za ndege, rudia kusoma sentensi hizo mbili.

Tarehe 1 Desemba mwaka huo huo, Boeing 727 ya TWA, kampuni ya Marekani, iligonga mlima jimboni Virginia ikielekea uwanja wa Dulles karibu na Washington, wakafa wote 92. Mwongoza ndege alisema mnaruhusiwa kuanza kukaribia uwanja. Marubani wakaelewa wanaruhusiwa pia kushuka hadi futi 1,800. Kila upande uliamini mlima ni jukumu la mwenzake. Wiki 6 hivi kabla yake ndege ya United, kampuni nyingine ya Marekani, ilikuwa imenusurika pale pale. Kampuni hiyo iliwaonya marubani wake, habari ikaishia humo. Kutokana na ajali hii Marekani ililazimisha ndege zifungwe kifaa kinachopiga kelele ardhi inapokaribia, na mwaka 1976 NASA ikaanza kupokea ripoti za makosa kutoka kwa watu wa ndege bila kuwatafutia adhabu.

Ile ya Charlotte, Marekani, ya Septemba 11, DC-9 ya kampuni ya Eastern iliyoanguka ikishuka kwenye ukungu marubani wakipiga soga za siasa, utaisoma kwenye somo la nidhamu ya chumba cha marubani. Sheria ya kukataza soga chini ya futi 10,000 ilikuja mwaka 1981.

Nisikuache na matanga matupu. Mei 1974 Airbus A300 ilianza kubeba abiria na Air France, ndege ya kwanza ya kampuni ambayo leo inashindana na Boeing bega kwa bega. Septemba 1, SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani, ilitoka New York hadi London kwa saa 1, dakika 54 na sekunde 56, rekodi ambayo haijavunjwa. Na Januari 20, ndege ya kivita F-16 ya majaribio iliruka bila kupangiwa: ilikuwa inakimbizwa tu ardhini, ikaanza kuyumba, rubani Phil Oestricher akaona kuipaisha ni salama kuliko kuisimamisha. Safari yake rasmi ya kwanza iliandikwa Februari 2.

747 za mizigo bado hutua Nairobi kubeba maua. Ukipata ruhusa ya kusimama mahali pa kuona, itazame moja kabla haijaondoka. Usihangaike na flapu za nyuma, hizo zitakuvutia zenyewe kwa ukubwa. Tazama ukingo wa mbele wa bawa, upande wa chini: utaona vipande vikijikunjua kutoka tumboni mwake kuelekea mbele. Ndivyo ambavyo havikutoka siku ile.