Mnaoanza kazi za betri, rejeta na rangi za zamani, haya madini ya risasi msiyachukulie poa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi za kuvunja betri, kulehemu rejeta, kukwangua rangi za zamani au kukata vyuma vilivyopakwa rangi hizo, siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa kitu kimoja tu, "vaa glovu". Nikavaa, nikajua nimemaliza. Kumbe madini ya risasi yaliyomo kwenye vitu hivyo hayapiti sana kwenye ngozi, yanapita puani na mdomoni, yaani unayavuta kama moshi au vumbi au unayala kwa vidole vyako mwenyewe bila kujua.

Kwenye kuyeyusha, risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 hivi, moto mdogo tu, sasa mtu akitaka kazi iende haraka anaongeza moto na ukipita nyuzi 500 mvuke unakuwa mwingi sana, halafu ule mvuke ukikutana na hewa ya kawaida unageuka chembe ndogo mno ambazo maski ya kitambaa haizizuii kabisa. Usiongeze moto kuliko kazi inavyotaka. Bomba la kuvuta moshi liwe pale pale kwenye chungu, livute moshi kabla haujafika usoni kwako, maana feni ya kupuliza inauhamishia tu kwa mwenzako. Maski tafuta ile ya mpira inayokaza uso, yenye vichujio vya P100, yaani vile vinavyonasa karibu chembe zote laini, na ndevu unyoe, hewa ikipenya pembeni hapo hujavaa kitu.

Ufagio mkavu nauchukia mpaka leo. Asubuhi jua likiingia dirishani mtu akianza kufagia angalia ule mwanga, utaona vumbi linavyoelea muda mrefu baada ya yeye kumaliza na kuondoka, na hilo unaloliona ndo kubwa, lile laini linaloingia mpaka ndani ya mapafu hulioni. Lowesha kwanza ndo ufanye usafi, au tumia vakyumu yenye chujio la HEPA, yaani linalonasa vumbi laini, ya kawaida inalitema vumbi laini kwa nyuma. Rangi nayo ikwangue ikiwa imeloweshwa maji. Na tafadhali sana msijipulizie nguo kwa kompresa jioni, hiyo nimeona karibu kila mahali nilipofanya kazi na inaniumiza roho.

Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nachoka, kichwa kinauma, tumbo linasokota, choo hakipatikani siku tatu nne, na hasira za ajabu nyumbani. Nikatibiwa tumbo weee, dawa hii dawa ile, mpaka daktari mmoja akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, unafanya kazi gani? Damu ikapimwa, risasi ikaja juu ya mikrogramu 40, wakati Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia mikrogramu 5 tu kwa desilita moja ya damu inabidi chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kwa hiyo mkienda hospitali msisubiri kuulizwa, tajeni kazi yenu wenyewe.

Ila kilichonivunja ni mtoto. Nikifika nyumbani alikuwa anakaa chini mlangoni ananifungua kamba za buti, ndo ilikuwa furaha yake, anavuta kamba huku vidole vingine viko mdomoni. Naye akapimwa, akakutwa nayo. Mtoto mdogo risasi anayomeza mwili wake unaifyonza mara 4 mpaka 5 kuliko mtu mzima, na inaenda kugusa ubongo ambao bado unakua. Ile sura yake pale mlangoni ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo buti na ovaroli zibaki kazini na zifuliwe huko huko, nguo za nyumbani ziwe na sehemu yake mbali na za kazi, uoge na kichwa kabla hujatoka. Chakula, maji, sigara visiingie sehemu ya kazi, na kabla ya kula nawa kwa sabuni mpaka chini ya kucha. Simu pia, watu wanaisahau, unaishika na mikono ya kazi halafu jioni mtoto anaichezea. Iache kwenye begi.

Utasikia wanasema kunywa maziwa yanasafisha. Hayasafishi. Kula vizuri kunasaidia mwili ufyonze kidogo, basi, risasi iliyokwisha kuingia kwenye mifupa inakaa humo miaka na miaka, na dada zetu wakibeba mimba inatoka mifupani inaenda kwa mtoto. Halafu kuna mabosi wanataka wakupe dawa ya kuitoa ili uendelee kukaa pale pale kwenye moshi, hilo likatae, ile dawa ni ya mgonjwa chini ya daktari na cha kwanza ni kutolewa kwenye chanzo. Ukikaa mbali na risasi, ile ya kwenye damu inapungua nusu kwa mwezi mmoja hivi, ya mifupani ndo hiyo nimesema.

Pima damu kabla hujaanza kazi, wiki hii hii kama unaweza, kisha rudia kila baada ya miezi kadhaa. Majibu omba kopi yako uweke nyumbani, maana bila ile namba ya kwanza baadaye utakosa cha kuonyesha kwamba risasi umeipatia pale kazini.