Niagara kwa viza ya Kanada peke yake

Swali: Mwanetu anahitimu chuo huko Hamilton, Ontario, mwezi wa Juni. Mimi na baba yake tumepata viza ya Kanada, lakini ni ya kuingia mara moja tu. Tunatamani kuyaona maporomoko ya Niagara kabla ya kurudi nyumbani. Rafiki yangu anasema upande wa Marekani ndio mzuri zaidi. Wakala naye ametupatia tiketi nafuu ya kushukia New York, anasema Niagara iko jimbo hilo hilo, tutavuka daraja tu hadi Kanada. Baba anatembea kwa fimbo na magoti yanamsumbua. Tufuate lipi? Mama, Voi.

Jibu: Shikamoo mama, na hongera sana kwa mahafali ya mwanenu.

Kabla ya mengine yote, tiketi hiyo msiilipie. Ni kweli nusu ya Niagara iko jimbo la New York, lakini jimbo hilo ni kubwa, na jiji la New York liko upande wake wa pili kabisa. Kutoka uwanja wa JFK hadi kwenye maporomoko ni kama kilomita 650 kwa barabara, mbali kuliko Nairobi na Mombasa. Na umbali ndio shida ndogo. Marekani haina utaratibu wa abiria kubadilisha ndege bila kupita uhamiaji, hata kama anasubiri saa mbili tu aendelee Toronto. Mkenya anayetua pale lazima awe na viza ya Marekani, na ya Kanada haisaidii kitu. Mngezuiwa hapa hapa Nairobi, kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo, na tiketi za bei hiyo mara nyingi hazirudishiwi pesa. Mwambieni wakala awatafutie njia ya Addis Ababa, Dubai au Amsterdam, mshukie uwanja wa Pearson, Toronto. Akiwaletea ratiba, isomeni kituo kwa kituo. Mkiona mji wowote wa Marekani katikati, irudisheni.

Je, muombe na viza ya Marekani ili mvuke mara moja mkaone upande wa pili? Mimi nawashauri msijitese. Ni kujaza fomu ya DS-160, kulipa dola 185 kwa kila mmoja, kungoja tarehe, kisha kwenda ubalozini Nairobi kuhojiwa. Mkikataliwa, pesa hizo zimekwenda. Yote hayo kwa ajili ya alasiri moja. Kwa faida ya msomaji mwingine ambaye tayari anazo viza zote mbili: mwenye viza ya Kanada ya kuingia mara moja anaruhusiwa kwenda Marekani na kurudi Kanada kwa viza hiyo hiyo, mradi hakupitia nchi nyingine na muda aliopewa alipoingia haujaisha. Wengi hawaijui kanuni hii, na wamejinyima safari bure.

Rafiki yako hakukosea kuusifu upande wa Marekani. Kuna hifadhi ya jimbo iliyoanzishwa mwaka 1885, haina kiingilio, na unaweza kutembea hadi kisiwa cha Goat ukasimama pale maji yanapoanza kudondoka. Lakini Niagara ni maporomoko matatu, na yote yanatazama Kanada. Ukiwa Marekani unasimama ubavuni mwake. Ukiwa Kanada yako mbele ya uso wako: lile la Marekani na dogo la Bridal Veil ng'ambo ya mto, na kubwa kuliko yote, Horseshoe, lililopinda kama chuma cha kwato ya farasi, lenye kimo cha mita 57 hivi. Tena kivutio chenye sifa kule Marekani, Cave of the Winds, ni cha ngazi za mbao zilizolowa maji, na magoti ya baba hayahitaji hizo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasafiri wengi hawaambiwi. Sisi tumezoea kuuliza msimu wa mvua, kwa sababu maporomoko kama Mosi-oa-Tunya (Victoria), mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, hufurika na kupungua kufuatana nayo. Niagara inalishwa na Ziwa Erie na maziwa makubwa yaliyo nyuma yake, hivyo mvua ya wiki haina neno. Anayeamua ni binadamu. Sehemu kubwa ya maji huchepushwa juu ya maporomoko na kupelekwa kwenye mitambo ya umeme ya nchi zote mbili. Mkataba wa mwaka 1950 kati ya Kanada na Marekani unaweka kiwango cha chini kinachopaswa kuachwa kidondoke: mita za ujazo 2,832 kwa sekunde wakati wa watalii, na nusu yake wakati mwingine. Wakati wa watalii, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Septemba, ni saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Kisha hadi mwisho wa Oktoba ni saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Baada ya hapo, majira yote ya baridi, inaruhusiwa nusu mchana kutwa. Kwa hiyo Juni mmebahatika, na hakuna haja ya kuamka alfajiri kuwahi. Fikeni adhuhuri, mkae hadi jioni. Alasiri jua linakuwa nyuma yenu, linapiga kwenye manyunyu, na upinde wa mvua unasimama mtoni. Giza likiingia, maporomoko humulikwa kwa taa za rangi, na maji bado ni kamili hadi saa nne.

Kutoka Hamilton ni kilomita 70 hivi, saa moja kwa gari. Mwanao akiendesha, mwambie awe macho mwishoni. Barabara ya QEW inaelekea Niagara, kisha unachepuka kuingia namba 420, na hiyo 420 ukiifuata moja kwa moja inakupeleka kwenye Rainbow Bridge, yaani mpakani. Ukishaingia kwenye foleni ya daraja kugeuza si rahisi, na unaweza kujikuta mbele ya afisa wa Marekani bila viza. Kuna mabango yanayoonyesha njia ya kwenda Marekani, mkae mbali nayo, mshike upande wa kwenda kwenye maporomoko. Mkipenda treni, ya GO inatoka Toronto hadi Niagara Falls, lakini kituo kiko kilomita kadhaa kutoka kwenye maji, mtapanda basi la WEGO.

Mkifika, anzieni Table Rock. Hapalipiwi kitu. Mnashika ukuta wa chuma, na maji ya kijani yanapita hatua chache kutoka mlipo, yanafika ukingoni, yanageuka meupe. Jengo hilo hilo lina lifti inayoshuka mita 38 hadi kwenye mahandaki nyuma ya Horseshoe, sakafu ni tambarare na baba atapita na fimbo yake taratibu. Boti pia ziko, mnapewa koti jekundu la nailoni, lakini koti halikingi miguu. Vaeni viatu vya soli ya mpira, mbebe soksi za kubadilisha. Kama nguvu ya baba inatosha kwa kimoja tu, chagueni boti.

Simu mzime data ya nje ya nchi, maana pale mpakani laini hunasa mtandao wa Marekani bila kuuliza. Na mkate bima ya afya ya safari kabla ya kutoka Kenya: huduma za hospitali za serikali ya Kanada hazimlipii mgeni, na kulazwa huko hata usiku mmoja ni gharama kubwa sana kwa mtu anayetegemea pensheni.