Umelala na bado umechoka: jibu la muuguzi wa zamu

Dada uliyeuliza, nimeyasoma maelezo yako kwa makini. Umesema unaamka saa kumi alfajiri ili uwahi usafiri kutoka Mbezi hadi ofisini Posta, unafika nyumbani saa mbili usiku watoto wakiwa wanasinzia, unapanda kitandani saa tano, na Jumapili unalala mpaka saa nne asubuhi lakini Jumatatu unaamka umechoka kuliko ulivyokuwa Ijumaa. Umeuliza kama kuna dawa nzuri ya kuongeza nguvu. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodini kwa zamu za kupokezana kwa miaka mingi huku nikilea, na nitakujibu kwa yale niliyoyaishi.

Kabla hujanunua dawa yoyote, nenda ukapime. Uchovu wa namna hii unaweza kuwa upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya thairoidi, yaani tezi iliyo shingoni, au hata mimba changa, na hakuna mapumziko yatakayoondoa mambo hayo. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita inahesabiwa kuwa upungufu wa damu, na wapo wanawake wanaotembea na kiwango hicho kwa muda mrefu wakidhani ni mawazo tu. Kama unapata hedhi nzito, mwambie daktari bila kuona haya. Vilevile, chai tunayopenda kushushia chakula huuzuia mwili kunyonya vizuri madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani, kwa hiyo ni vyema ukasubiri walau saa moja baada ya mlo ndipo uinywe.

Tuseme vipimo vyote vimetoka salama. Hapo ndipo tunakuja kwenye msongo wa mawazo. Mtu anapopata mshtuko au kukaripiwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, mapigo ya moyo yanapanda, sukari inaongezeka kwenye damu, na mwili unakuwa tayari kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, mwili unatakiwa kutulia. Lakini ada ya shule, ujumbe wa bosi unaoingia saa tatu usiku, mchango wa harusi na mzazi anayeumwa kijijini ni mambo yasiyopita kwa siku moja, na kila unapoyawaza upya kitandani mwili unajiandaa upya, wakati kotisoli kwa kawaida ilipaswa kuwa chini usiku na kupanda kuelekea asubuhi. Ndiyo maana mtu anaweza kulala bila kupumzika.

Kilichonisaidia mimi kuliko kingine chochote nilikitoa kazini. Wodini hatuondoki bila kukabidhi. Anayetoka na anayeingia hupita pamoja kitanda hadi kitanda: huyu dripu yake inaisha saa sita, huyu amekataa kula tangu mchana, huyu amepewa dawa ya maumivu saa mbili, huyu ndugu zake wameahidi kuja kuchangia damu kesho asubuhi. Yote yanaandikwa kwenye kitabu cha ripoti, halafu funguo za kabati la dawa zinatoka mkononi mwangu na kuingia mkononi mwa mwenzangu. Tangu hapo mgonjwa wa kitanda cha nne ana mtu wa kumwangalia, na ninaweza kwenda nyumbani nikiwa na amani, ingawa hali yake bado ni mbaya.

Wewe ofisini huna wa kumkabidhi, kwa hiyo jikabidhi mwenyewe kwa ajili ya kesho. Dakika kumi za mwisho kabla hujazima kompyuta, chukua daftari la kawaida, uandike kila lililobaki, limefikia wapi, na hatua ya kwanza ya kesho. Usiandike tu "ripoti ya mwezi". Andika "ripoti ya mwezi, nimefika jedwali la tatu, kesho nianze kwa kumpigia mtu wa stoo anipe hesabu za Agosti." Jambo lililoandikwa nusunusu litakufuata hadi kwenye basi, kwa sababu akili haiamini kwamba limewekwa mahali salama. Daftari libaki ofisini. Na kikundi cha WhatsApp cha kazini ukizime sauti ukishatoka. La dharura kweli utapigiwa simu.

Nyumbani vivyo hivyo, na hapa ndipo wengi wetu tunapojichosha. Umeandika kwamba mume wako hukagua madaftari ya watoto lakini na wewe unayakagua tena usiku. Huko si kukabidhi. Ukimpa mtu kazi, mpe na wajibu wake, umwache aifanye kwa namna yake, hata kama sare haikupigwa pasi kama ambavyo wewe ungeipiga. Najua si rahisi kwa mwanamke aliyelelewa kuona kwamba kila kitu cha nyumba ni jukumu lake, lakini watoto wanamhitaji mama mwenye afya kuliko wanavyohitaji sare iliyonyooka.

Sasa hesabu ya usingizi, ambayo lazima niiseme wazi. Kutoka saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri ni saa 5, na mtu mzima anahitaji walau saa 7. Unadaiwa saa 2 kila usiku wa kazi, na hakuna zoezi la kupumua litakaloziba pengo hilo. Kulala Jumapili hadi saa nne hakulipi deni lote, na kunaivuruga saa ya mwili, ndiyo maana usiku wa Jumapili usingizi hauji mapema. Ni afadhali uamke kwenye saa moja, utoke nje upate mwanga wa asubuhi, kisha mchana ulale kidogo. Siku za kazi, tafuta cha kupunguza ili uwe kitandani saa tatu na nusu: maharage yachemshwe Jumamosi, simu ilale sebuleni. Kahawa ya saa kumi jioni uliyoitaja iache kabisa, maana hata baada ya muda wa saa tano hivi tangu uinywe, karibu nusu ya kafeini yake, ile inayofukuza usingizi, bado imo mwilini. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini na aghalabu sukari nyingi. Kutembea kwa miguu sehemu ya safari kunatosha kuwa mazoezi kwa kuanzia.

Kama hata hivyo saa hazitoshi, zungumza na msimamizi wako kuhusu muda wa kuingia au mzigo wa kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu uliopitiliza wa kazini kuwa hali inayotokana na msongo sugu wa kazi ambao haukudhibitiwa; dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona ufanisi unashuka. Hali inayozaliwa kazini hairekebishwi kwa juhudi za mfanyakazi peke yake, na kuomba kuingia saa moja baadaye si uvivu.

Mwisho, kama kwa wiki mbili mfululizo umekuwa na huzuni karibu kila siku, hufurahii hata yale uliyoyapenda, au unajilaumu kupita kiasi, hilo linaweza kuwa sonona, na ina matibabu, mwone daktari. Ukipatwa na mawazo ya kutotaka kuishi, mwambie mtu aliye karibu nawe na uende hospitali usiku huohuo, hata kama hujui utaanza kueleza vipi. Sisi tulio zamu tumezoea kuuliza maswali polepole.