Kadi ya mionzi msiitupe kama mimi

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji, "Dada, mi nilichomwa mionzi kifuani 2011 nikiwa na miaka 22, nikaambiwa nimepona kabisa, sasa kliniki naendea nini?" Nikakaa na hiyo meseji mpaka chai ikapoa, maana swali hilo nilishajiuliza mwenyewe na jibu lake nimelilipia kwa ziwa la kushoto.

Mi ilikuwa 2003, nina miaka 19, matezi ya shingo yamevimba kumbe Hodgkin, kansa ya matezi. Nikapewa kemo (dawa za kuua kansa) na mionzi, wanakuchora kwa wino kifuani halafu unaambiwa usifute, basi kuoga ni kujipangusa na kitambaa pembeni pembeni, na nguo zote za kufunga mpaka kooni watu wasiulize. Nikapona. Kadi yenye maelezo ya mionzi niliyopewa nikaitupa wakati nahama, sikutaka hata kuiona.

2023 nikapapasa ziwani kitu kama punje ya choroko. Hospitali ya kwanza (siitaji) wakasema wewe una miaka 39 tu hizo homoni, wakanipa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyeuliza habari ya mionzi na mimi sikusema, nilijua yale yalishaisha. Miezi 5 ikakatika hivyo, kumbe ni kansa ya ziwa. Bado inaniuma, siwafichi.

Sasa sikilizeni. Mionzi inaua kansa lakini inajeruhi na seli nzima za jirani, na hilo jeraha linaweza kulala miaka 10, 20, hata 30 ndo liamke. Msichana aliyechomwa kifuani kabla ya miaka 30 ziwa lake liko hatarini kuliko la wenzie, ndo maana miongozo ya Marekani inataka mamogramu (eksirei ya ziwa) na MRI (picha ya mashine ya sumaku) kila mwaka, kuanzia umri wa miaka 25 au miaka 8 baada ya mionzi, ile itakayotangulia usiihesabu, shika ya mwisho. Na sigara acha leo leo, mapafu yaliyopita mionzi hayataki utani. Ila msije mkakimbia mionzi eti dada kasema! Wengi hawapati kansa ya pili, na mimi bila ile mashine mngekuwa mlishanizika 2004.

Kadi jamani, kadi. Mwaka, sehemu, dozi. Toa kopi, moja kaa nayo moja mpe mama. Mi sikuwa nayo, madaktari hawakujua kifua kilishabeba kiasi gani, kunichoma tena wakaogopa, ziwa likatolewa lote.

Yule dada kajibu asubuhi, kadi kaikuta kwenye sanduku la mamake chini ya vitenge, imeandikwa 36 Gy, anauliza ndo nini. Ndo dozi yenyewe mdogo wangu, Gy ni kipimo cha mionzi, na vipimo ulitakiwa uanze toka 2019. Jumatatu nenda, kadi mkononi.