Msichana anayesikia ya moyoni

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari na ninaandika riwaya ya vijana. Mhusika wangu, Mwanaidi, ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Anajua watu wanawaza nini, na akikasirika vitu vinasogea bila kuguswa. Nikiandika "uchawi" nimeshamhukumu. Nikiandika "karama" nimemfanya mtakatifu. "Kipaji" nakisikia kama cha kuimba au kucheza mpira. Je, Kiswahili hakina neno la jambo hili? Au nitohoe tu, niandike "telepathia"?

JIBU: Mwalimu, sikio lako ni zuri, na nusu ya jibu imo ndani ya swali lako. Kila nomino uliyoitaja inakuja na hukumu yake: inasema uwezo huu umetoka kwa nani kabla riwaya yako haijafika huko. Mchawi ana nia mbaya hata kabla hajatenda lolote. Karama, kwa Waislamu, ni ya mawalii, na hutengwa na miujiza ya mitume. Makanisani ni kile anachotoa Roho Mtakatifu. Kote kuwili mtoaji ni Mungu. Hata ungeniletea kipawa, nacho kimetokana na kupawa, na aliyepawa ana aliyempa.

Ukirudi kwenye Biblia, Matendo sura ya 16, utamkuta binti wa aina ya Mwanaidi. Ni kijakazi asiyetajwa jina, anayewapatia mabwana zake faida kwa kuagua. Watafsiri walisema ana "pepo wa uaguzi". Neno zuri, ila ukilichukua umeshamkaribisha pepo nyumbani kwa Mwanaidi.

Waingereza wana neno lisilohukumu, "telepathy", kwa sababu walilitengeneza makusudi. Frederic Myers alilibuni mwaka 1882, mwaka ule ule yeye na wenzake walipoanzisha jijini London chama cha kuyachunguza mambo haya kisayansi. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la "mbali" na la "kuhisi". Ni neno la watafiti. Kwa hiyo "telepathia" itohoe bila wasiwasi, lakini mpe wa kuisema: mwalimu wa fizikia, daktari, au rafiki anayeshinda kwenye intaneti. Bibi yake Mwanaidi asiiseme. Bibi atasema mjukuu ana machale, au atanyamaza na kwenda kumtafuta mtu wa kumwangalia.

Sasa niende kwenye jambo ninalolipenda zaidi. Huenda ukashawishika kuandika kwamba Mwanaidi "anasoma mawazo". Inaeleweka, wala si kosa. Lakini fungua hadithi yoyote ya Kiswahili uone mtu anavyowaza: "akajisemea moyoni". Kwetu wazo halikuandikwa popote hata lisomwe. Husemwa, tena ndani ya moyo, na kinachosemwa husikika. Basi Mwanaidi hasomi, anasikia. Linganisha:

"Mwanaidi alisoma mawazo ya mama yake na kugundua kwamba hakuwa na pesa za ada."

"'Ada nitalipa Jumatatu,' mama alisema. Nitaitoa wapi, akasema moyoni. Mwanaidi akayasikia yote mawili kwa sauti moja."

Sentensi ya kwanza inatoa taarifa. Katika ya pili uwezo wenyewe unafanya kazi mbele yetu, na hakuna aliyeutaja jina. Unaweza kwenda sura tatu nzima hivyo, msomaji akajua kila kitu kabla mtu yeyote kijijini hajatamka neno lolote. Hapo ndipo nomino zako zitakapopata nguvu, kwa kuwa kila mmoja atakuja na yake: shangazi aseme uchawi, mchungaji aseme karama, na wewe msimulizi usiseme upande wowote.

Na vitu vinavyosogea? Hapa vitenzi vyetu vina utajiri ambao ningekuomba uutumie hadi mwisho. "Kikombe kilisogea." Kimesogea, basi, hakuna anayeulizwa. "Kikombe kilisogezwa." Msomaji anageuka nyuma kutazama nani amekisogeza. "Mwanaidi alikisogeza kikombe kwa macho." Sasa mtendaji ana jina, na hawezi tena kusingizia upepo. Ukianza na -sogea katika sura za mwanzo, ukapita kwenye -sogezwa pale hofu inapoingia shuleni, ukaiweka -sogeza siku ile anapokubali kwamba ni yeye, sarufi itakuwa imesimulia makuzi yake pamoja nawe.

Ndoto nazo ni vivyo hivyo. Mtu akiota, ameota. Akioteshwa, yupo aliyemwotesha. Mwaka 2011 maelfu walipopanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, neno lililokuwa mdomoni mwa nchi nzima lilikuwa hilo: alisema alioteshwa na Mungu. Silabi moja tu ya unyambulishaji, na umati ukasafiri. Kama hutaki kusema nani anampelekea Mwanaidi ndoto zake, mwache aote. Siku bibi yake atakaposema "umeoteshwa", msomaji atashtuka, na atakuwa na haki.

Kwa kuona yajayo, jihadhari na "kubashiri". Asili yake ni bishara, habari njema, lakini siku hizi kijana akilisikia anawaza mkeka wa kubeti na timu za Jumamosi. "Kutabiri" linafaa, ingawa limeshazoeleka kwa mvua na jua. "Kupiga ramli" lihifadhi kwa mtu mwenye vifaa na wateja. Kwa hisia ndogo za ghafla, zile za kukataa kupanda basi fulani bila kujua kwa nini, tumia "machale yalimcheza". Hakuna kijana asiyelijua, na ukilisikiliza vizuri linakukumbusha chale, ile mikato midogo ya ngozini ambayo mganga hupaka dawa.

Mwisho, kipaji. Usikitupe. Kipaji pia ni sehemu ya uso, juu ya nyusi, pale mtu anapoweka kiganja kichwa kinapomuuma. Mwanaidi akisikia sauti za watu arobaini darasani kwa wakati mmoja, kitakachomgonga ni kipaji. Mwache akishike kwa mikono miwili, ainame kwenye dawati, na mwalimu wa zamu amuulize, "Kipaji kinakuuma?"

Naye ajibu, "Ndiyo, mwalimu. Sana."